Kisa cha opea: saa 177 na nusu kwenye daftari la mistari

Kisa hiki nimekiandika kwa idhini ya mhusika mwenyewe. Nimeondoa jina lake, miji aliyoishi, familia alizokaa nazo na mawakala waliomleta, kwa hiyo nitamwita Binti tu. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Ujerumani miaka mingi, na jioni huwa nawasaidia vijana wetu wanaofika huku kusoma barua, mikataba na fomu za ofisini. Silipwi kwa hilo. Naandika kwa kirefu kwa sababu kila mwaka napigiwa simu na kijana aliyekwama mahali palepale alipokwama Binti, na karibu kila mara ni jambo ambalo lingeelezwa kwa dakika kumi kabla hajapanda ndege.

## Usuli

Binti amekulia kaskazini mwa Tanzania, mtoto wa pili kati ya watano. Alimaliza kidato cha sita kwa ufaulu wa wastani, akakosa mkopo wa chuo, akakaa nyumbani karibu miaka miwili akimsaidia mama yake kwenye genge la mboga. Alipotua Ujerumani Septemba 2022 alikuwa na miaka 22, begi moja la kilo 23 na Kijerumani cha A1, ile ngazi ya kujitambulisha na kuuliza bei.

Alikuja kama opea. Neno lenyewe ni la Kifaransa, au pair, na maana yake ni "kwa usawa". Kijana anaishi na familia kama mmoja wao, anasaidia kulea watoto na kufanya kazi nyepesi za ndani. Naye anapewa chumba chake, chakula, pesa ya mfukoni na nafasi ya kujifunza lugha. Kwa mbali inafanana na kazi ya yaya, lakini sheria inaiona tofauti, na kisa chote hiki kimesimama juu ya tofauti hiyo. Masharti yalikuwa haya. Opea awe ametimiza miaka 18 na hajafika 27 anapoomba viza. Kazi isizidi saa 30 kwa wiki wala saa sita kwa siku, na kubaki na watoto usiku wazazi wanapotoka kunahesabiwa humohumo. Apumzike siku moja na nusu kila wiki, na angalau mara moja kwa mwezi siku hiyo iangukie Jumapili. Pesa ya mfukoni ni euro 280 kwa mwezi, na familia inachangia euro 70 kwa mwezi kwa ajili ya kozi ya lugha. Bima ya ugonjwa, ajali na uzazi inalipwa na familia. Likizo ni wiki nne kwa mwaka. Nauli ya ndege kwa kawaida anajilipia mwenyewe. Kibali hakizidi mwaka mmoja, hakirudiwi, na hakimruhusu kufanya kazi nyingine yoyote pembeni.

Wakala aliyeko Ujerumani haruhusiwi kumtoza opea zaidi ya euro 150. Binti alitozwa shilingi milioni mbili na nusu na wakala wa nyumbani aliyekuwa akishirikiana na wakala wa huku. Kwa thamani ya wakati ule ni zaidi ya euro elfu moja. Milioni moja na laki nane alikopa kwa shangazi yake. Nauli nayo alikopa kwa mjomba. Wakala yule alimwambia, mbele ya mama yake, kwamba akishafika atabadilisha kazi atakavyo. Mama akaamini, shangazi akaamini, na Binti akapanda ndege akiwa na deni analojua hesabu yake na mkataba ambao hakujua hata jinsi ya kuusoma.

## Familia ya kwanza

Watoto walikuwa watatu: wa miaka miwili, minne na saba. Wazazi wote wawili walifanya kazi. Sitawachora kama watu wabaya, maana hawakuwa hivyo. Wiki ya kwanza mama mwenye nyumba alimpeleka Binti kujiandikisha manispaa, akamfungulia akaunti ya benki, akamnunulia koti la baridi na viatu. Baba alimfundisha kutumia tramu.

Siku ya kuagana, mama yake Binti alimwambia: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Usingoje kuambiwa, mwanangu." Binti aliibeba methali hiyo kama amri. Wiki ya kwanza akaosha vyombo bila kuombwa. Wiki ya pili akakuta kikapu cha nguo, akapiga pasi. Wakamshukuru sana. Wiki ya tatu kikapu kilikuwa kimewekwa nje ya mlango wa chumba chake, na tangu siku hiyo pasi ikawa ya kwake. Mwezi wa pili akawa anasafisha vyoo viwili na ngazi. Hakuna siku hata moja aliyoagizwa kwa ukali. Ilikuwa "unaweza pia…", kila mara kitu kidogo, na kila mara akijibu ndiyo.

Kufikia Novemba siku yake ilikuwa hivi. Saa kumi na mbili asubuhi anaamka na mtoto mdogo. Anafunga mikate ya watoto kwenye vikopo vitatu, kila mmoja kwa anavyopenda, anawavalisha yale mavazi ya theluji yanayochukua dakika kumi kwa mtoto mmoja, anawapeleka wawili chekechea na mmoja shule. Anarudi kusafisha na kufua. Saa nane mchana anaanza kuwachukua. Jioni anawaogesha. Kozi yake ya lugha ilikuwa Jumanne na Alhamisi saa kumi na mbili jioni, muda uleule ambao mama mwenye nyumba alikuwa njiani kurudi kutoka kazini. Kati ya vipindi 20 vya muhula wa kwanza, Binti alikosa 11.

Alinipata Desemba kupitia mtu wa kanisani. "Shikamoo dada. Samahani kukusumbua." Akanieleza kwa dakika ishirini bila kulaumu mtu yeyote. Nikamjibu: "Vumilia kidogo mdogo wangu, mwanzo ni mgumu kwa wote." Nilisema hivyo kwa nia njema, na nilikosea. Neno hilo lilimgharimu wiki sita.

Katikati ya Januari alipata homa, joto la mwili nyuzi 39. Aliombwa awapeleke watoto tu kisha arudi kulala. Aliwapeleka. Akanipigia akiwa amekaa kwenye kibenchi kile kifupi cha chekechea ambapo watoto huvulia viatu, sauti imekauka, akisema hana nguvu ya kusimama. Nikamfuata kwa gari. Njiani nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza Desemba: "Kwa wiki unafanya saa ngapi?" Hakujua. Hajawahi kuhesabu, kwa sababu nyumbani kazi za ndani hazihesabiwi.

## Daftari

Nilimpa daftari la mistari la kurasa 32, lile la wanafunzi. Kila siku aandike ameanza saa ngapi, amemaliza saa ngapi, na alifanya nini. Wiki nne. Matokeo yake: saa 43, saa 47 na nusu, saa 41, saa 46. Jumla 177 na nusu, mahali ambapo mkataba unasema zisizidi 120. Alipoiona jumla ile alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe sikuwa mvivu." Alikuwa ameaminishwa na uchovu wake mwenyewe kwamba hawezi kazi.

Hapa kuna jambo dogo ambalo wasaidizi wenzangu walizingatie. Binti aliandika saa kwa Kiswahili. Ukurasa wa kwanza unasomeka "12.10 asb – chai ya watoto". Mshauri wa Kijerumani tuliyemwonyesha baadaye alielewa kwamba kazi inaanza saa sita na dakika kumi mchana, na kwa muda akaona hesabu yetu haina maana. Ilibidi Binti ainakili upya kurasa zote kwa saa za huku, na tuambatanishe za awali pamoja na maelezo. Tangu hapo kila kijana ninayempa daftari namwambia aandike kwa saa za ukutani tangu mstari wa kwanza.

Katika kuhesabu huko ndipo aliponiambia jambo alilokuwa amelificha. Desemba, Jumamosi mbili, alikwenda kusafisha ofisi kupitia kijana mmoja wa nyumbani, kwa euro 8 kwa saa, pesa mkononi, bila maandishi. Kima cha chini kisheria kilikuwa euro 12 tangu Oktoba mwaka huo. Kwa Jumamosi zote mbili alipata jumla ya euro 80, akazituma kwa shangazi. Alikuwa anadhulumiwa mshahara, na papo hapo alikuwa anavunja sharti la kibali chake. Hilo la pili ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu mtu mwenye malalamiko ya haki kabisa anaweza kunyamazishwa kwa kosa kama hilo. Aliacha.

## Maamuzi na sababu zake

Njia zilikuwa nne. Ya kwanza, kuvumilia hadi Septemba. Ya pili, kurudi nyumbani. Ya tatu, ile ambayo vijana wengi hushauriana kwenye makundi ya WhatsApp: kufunga begi usiku, kwenda kwa rafiki mji mwingine na "kujipanga hukohuko". Ya nne, kubadilisha familia kihalali.

Kurudi nyumbani Binti alikataa mara moja, kwa sababu ya deni la shangazi. Kuvumilia kungemaliza mwaka bila lugha, na bila lugha hakuna hatua inayofuata. Kutoroka kulimvutia kweli. Alikuwa na mtu wa kumpokea. Nilikaa naye nikamchorea kwenye karatasi: kibali cha opea kimefungwa kwenye mkataba wa opea. Ukiondoka bila taarifa, familia ikitoa taarifa, ofisi ya wageni inaweza kufupisha muda wa kibali, na barua itakwenda kwenye anwani ambayo haupo. Utajua umechelewa siku utakapoomba kitu kingine. Familia mpya, kwa upande mwingine, inaruhusiwa katika muda uliobaki wa mwaka uleule, mradi ofisi ijulishwe na ikubali mkataba mpya.

Tukaamua kwa mpangilio huu: azungumze kwanza na familia, akiwa na daftari, yasipopatikana maelewano, atoe notisi ya wiki mbili kama mkataba unavyotaka, na kabla hajahama tupate msaada wa mshauri. Ujerumani kuna mashirika ya kanisa yanayotoa ushauri huo bure kwa opea wa dini yoyote, kama IN VIA la Wakatoliki na vij la Waprotestanti. Binti hakuwahi kuyasikia. Wakala wake hakuyataja.

Mazungumzo yalifanyika jikoni Jumapili jioni, watoto wakiwa wamelala. Tulikuwa tumeandaa sentensi nne za Kijerumani, akazisoma kutoka kwenye karatasi, mkono ukitetemeka. Mama mwenye nyumba alilia. "Lakini wewe ni mmoja wa familia," alisema. Baba alilipekua daftari, kisha akauliza kama kucheza na watoto kwenye zulia ni kazi. Binti hakuwa na Kijerumani cha kujibu swali hilo. Jibu ni ndiyo: muda wote anaobaki na watoto akiwa na wajibu nao unahesabika. Hilo tulipaswa kulitabiri na kumwandalia sentensi ya tano.

Wakamwongezea dau: euro 100 zaidi kila mwezi, mambo yabaki yalivyo. Naomba msomaji aupime uzito wa pesa hiyo. Kwa Binti ilikuwa zaidi ya laki mbili, na kwa miezi saba iliyobaki ingefuta sehemu kubwa ya deni. Alinipigia usiku akiwa tayari kukubali. Nilimwambia uamuzi ni wake, ila ajue mambo mawili: pesa ya ziada haizifanyi saa 44 kuwa halali, na haimrudishii Jumanne na Alhamisi. Asubuhi alinitumia ujumbe wa maneno matatu: "Dada, nachagua kozi."

## Kuhama

Mshauri alituandikia barua mbili, moja kwa familia na nyingine kwa ofisi ya wageni. Ya familia ilihitajika, kwa sababu mwezi wa mwisho walilipa euro 140 badala ya 280 kwa maelezo kwamba Binti "ameondoka mapema". Baada ya barua, nusu iliyobaki ilikuja ndani ya wiki moja. Saa za ziada hazikulipwa wala kufidiwa kwa mapumziko, na hatukuzipigania. Mshauri alituonyesha kwamba ingekuwa safari ndefu na Binti alihitaji nguvu zake kwingine.

Kati ya familia ya kwanza na ya pili alilala kwangu usiku tisa, kwenye kochi. Machi 2023 akahamia kwa mama mmoja anayelea peke yake mtoto wa miaka mitano. Siku ya kwanza mama yule alibandika ratiba ya wiki kwenye mlango wa friji, saa 28, na pembeni akaacha safu tupu kwa maandishi ya Binti mwenyewe. Sina mengi ya kueleza kuhusu miezi ile, na hiyo ni habari njema. Alisoma. Aprili akafaulu A2, ngazi ya Kijerumani inayofuata A1; baada yake zinakuja B1 na B2.

## Pengo la wiki tano

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo watu huiruka, ilhali ndiyo inayowarudisha wengi nyumbani.

Mpango wa Binti baada ya mwaka wa opea ulikuwa FSJ, mwaka wa kujitolea katika huduma za jamii. Kijana anafanya kazi hospitalini, kwenye nyumba ya wazee au kwa watoto, anapata posho, bima ya taifa, na kwa mwaka mzima siku 25 za semina. Wengi wetu huutumia kama daraja la kwenda kwenye Ausbildung, yaani mafunzo ya taaluma ambayo mwanafunzi analipwa tangu siku ya kwanza. Julai nyumba moja ya kulelea wazee ilimkubali. Kibali cha opea kilikuwa kinaisha katikati ya Septemba.

Ombi la kibali kipya lilifika ofisini zikiwa zimebaki wiki tatu. Binti alidhani ofisi itamwita yenyewe, kwa kuwa ina tarehe zake. Mimi nilimkumbusha Julai kisha nikadhani ameshapeleka. Kuomba kabla kibali hakijaisha kulimwokoa: alipewa hati ya muda inayoonyesha kwamba kibali cha zamani kinaendelea hadi uamuzi utoke. Lakini msomaji aangalie maneno hayo vizuri. Kinachoendelea ni kibali cha zamani, pamoja na mipaka yake. Hati ile haikumruhusu kuanza FSJ. Mkataba wa opea nao ulikuwa umeisha, na bima ya familia ikaisha nao siku hiyohiyo.

Kwa hiyo kwa wiki tano na siku kadhaa Binti alikuwa Ujerumani kihalali kabisa, bila ruhusa ya kazi yoyote, bila posho, na siku tatu za mwanzo bila bima. Tulipogundua suala la bima nilikosa usingizi. Kuvunjika mguu tu kungemletea deni la maelfu ya euro. Tukakata bima binafsi ya wageni, kama euro 40 kwa mwezi. Mama wa familia ya pili alimwachia chumba bure, na akakataa kabisa asiguse hata kufagia, maana alielewa kwamba sasa hata msaada ule ungeweza kuitwa kazi. Si kila kijana angekuwa na mwenyeji kama huyo.

## Nyumba ya wazee na mtihani

Alianza mwishoni mwa Oktoba. Posho ilikuwa euro 420 na chumba kwenye bweni. Huko ndiko Kijerumani kilipomwingia mdomoni. Bibi mmoja aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi alikataa kufungwa kamba za viatu mpaka Binti ataje jina la kila kitu pamoja na kineno sahihi kinachotangulia nomino za Kijerumani, der, die au das: kiatu, kamba, soksi, kiti. Akikosea, bibi anaurudisha mguu nyuma. Asubuhi kwa asubuhi, miezi minane. Binti ananiambia mpaka leo akisita kati ya der, die na das anauona ule mguu ukirudi nyuma.

B1 aliipata Desemba. Machi 2024 akafanya B2, akafaulu mazungumzo, akaanguka maandishi. Haikunishangaza: alikuwa anazungumza siku nzima, haandiki kitu. Kwa miezi mitatu akawa ananiandikia barua moja kila wiki, malalamiko kwa mwenye nyumba, ombi la likizo, na mwalimu mmoja mstaafu akizisahihisha kwa kalamu nyekundu. Juni alirudia sehemu ya maandishi akapita. Wakati huohuo vyeti vyake vilikuwa vimetafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa na kupelekwa kwenye mamlaka ya jimbo kutathminiwa. Safari hii kila ombi lilikwenda miezi mitatu kabla.

## Matokeo

Septemba 2024 alianza mafunzo ya uuguzi. Kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 2020, uuguzi wa wagonjwa, wa watoto na wa wazee umeunganishwa kuwa mafunzo mamoja ya miaka mitatu, yenye angalau saa 2,100 za darasani na 2,500 za vitendo. Mwajiri wake anafuata viwango vya mishahara ya taasisi za umma, ambavyo mwaka ule vilimpa wa mwaka wa kwanza euro 1,340.69 kabla ya makato. Baada ya makato alibaki na elfu moja na kidogo.

Deni la shangazi limeisha. La mjomba limebaki robo. Pesa ya wakala haikurudi. Simu yake haipatikani. Muhula wa kwanza wa shule Binti alishindwa mtihani wa anatomia, akarudia, akapita. Amefika mwaka wa pili.

## Uchambuzi

Nimewahi kuambiwa kwamba kisa hiki ni cha familia mbaya na familia nzuri. Sikubaliani. Familia ya kwanza ilimpenda Binti kwa namna yake. Kilichokosekana kwenye nyumba ile ni kipimo, na aliyepaswa kukijua kwanza ni Binti mwenyewe, kwa sababu ndiye aliyekuwa anaumia. Methali ya jembe ni malezi mazuri kwa mgeni. Opea hajaja kama mgeni, amekuja kwa mkataba. Adabu yetu ya kutangulia kufanya bila kuambiwa inasomwa huku kama kukubali. Unachokifanya bila kuombwa mara tatu, mara ya nne kinakuwa wajibu wako. Nawaambia vijana: saidia, lakini kila unaposaidia andika, na wiki ikifika saa 30 sema. Wajerumani wengi niliokutana nao hawaoni vibaya mtu anaposema "saa zangu zimeisha". Binti aliogopa miezi mitano kosa la adabu ambalo kwao halipo.

Daftari lilifanya kazi kuliko jambo lingine lolote. Lilimpa Binti uhakika kabla halijampa ushahidi. Mshauri alisema malalamiko mengi ya opea hufika kwake yakiwa na machozi na hayana tarehe, na bila tarehe hana la kuandika. Udhaifu wa daftari letu ulikuwa mmoja mbali na zile saa za Kiswahili: tuliandika alichofanya, hatukuandika nani aliomba. Swali la baba kuhusu kucheza kwenye zulia lingepata jibu kama mstari ungesema "mama yuko kazini, niko peke yangu na watoto watatu".

Kuzungumza kabla ya kuondoka kulilipa pia, ingawa mazungumzo yenyewe hayakubadilisha kitu. Ofisi ya wageni ilipokea barua inayosema familia ilijulishwa, notisi ilitolewa, mkataba mpya huu hapa. Hakukuwa na mtoro wa kumtafuta. Nina hakika ombi la FSJ lilisomwa kwa jicho zuri zaidi kwa sababu faili lilikuwa safi.

Zile Jumamosi mbili za Desemba hazikuwahi kujulikana, na nasita kuandika hivyo kwa sababu msomaji mwenye deni anaweza kusikia ruhusa. Asisikie hivyo. Euro 80 zile zingeweza kufuta kila kitu kilichofuata. Deni lililotokana na pesa ya wakala ndilo lililomsukuma huko, na ndiyo maana nalihesabu deni hilo kuwa kosa la kwanza katika mnyororo mzima: mtu aliyeanza safari akiwa na milioni moja na laki nane za kurudisha, na nauli juu yake, hana uhuru wa kusema hapana, na familia hata isipojua habari za deni, inauona ule ukimya.

Kuhusu pengo la wiki tano, lawama ni zetu sote wawili. Sasa ninafanya hivi: kijana akifika tu, tunaandika kwenye kalenda ya simu yake tarehe nne, mwisho wa kibali, mwisho wa bima, miezi mitatu kabla ya kila kimoja. Namuuliza pia swali ambalo sikumuuliza Binti: siku moja baada ya mkataba kuisha utalala wapi, na ukiugua nani atalipa?

Na lile neno langu la Desemba. Nilimwambia avumilie kwa sababu mimi mwenyewe nilivumilia miaka yangu ya mwanzo, nikadhani ndiyo njia. Sikuwa nimemuuliza saa zake. Siku hizi sitoi ushauri wowote kabla ya kuona hesabu.

Miezi mitatu baada ya Binti kuhama, familia ya kwanza ilipata opea mwingine kupitia wakala yuleyule wa huku, msichana wa miaka 19 kutoka nchi nyingine. Binti alikutana naye kwenye kituo cha tramu akiwa na watoto wale watatu. Yule mdogo alimkimbilia Binti na kumkumbatia miguu. Walizungumza dakika chache mpaka tramu ilipofika. Binti alimpa namba ya mshauri na daftari lililokuwa kwenye begi lake, akazichana kurasa mbili alizokuwa amezitumia.